Bi Pindo Aanika Siri ya Bibi Harusi

Haya, tusipoteze muda. Wiki iliyopita tulimwacha Bi Pindo pabaya: kainua kitambaa alichofunikia simu yake, na simu ikamtolea macho. Alama nyekundu inawaka. Laivu! Watu mia nne na ushee wamo ndani wanasikiliza, na wengine bado wanaingia.

"Mama yangu!" akasema, na hilo nalo likaenda hewani.

Wewe unayejiunga nasi leo usihangaike, nitakushika mkono. Bi Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, maana pindo akilishona yeye halifumuki. Zamani mteja alikuwa anapita njiani, anaona nguo imening'inia mlangoni, anaingia. Siku hizi mteja yuko kwenye simu. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Pindo anaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, anaingia laivu, anakata kitambaa huku akipiga soga, na oda zinamiminika.

Aliyemfundisha mambo hayo ni binti wa dada yake. Mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha watoto wa chekechea. Mwalimu ndiye aliyemfungulia ukurasa, ndiye aliyemwonyesha pa kubonyeza ukianza na pa kubonyeza ukimaliza.

Kuanza, Bi Pindo alikushika upesi. Kumaliza ndiko kulikomtoa jasho. Fundi aliyemlea kikazi alimzoesha tangu akiwa msichana: ukiinuka kwenye cherehani, ifunike, kazi imekwisha. Basi na simu akaifanyia vivyo hivyo. Akimaliza kuongea na watu anatupa kitambaa juu yake, anaendelea na shughuli zake. Siku zote Mwalimu, popote alipo, humtumia ujumbe: "Mama mdogo, hujazima." Naye huzima.

Leo ujumbe haukuja.

Leo asubuhi kawaonyesha watu gauni la harusi, la huyo huyo Mwalimu, akawaaga, akatupa kitambaa, kisha akamgeukia msusi, shoga yake wanayepanga naye chumba kimoja cha kazi, aliyekuwa anajikausha nywele kwa mashine. Hapo akafungua domo.

"Shoga, Mwalimu kiuno kimemkimbia! Gauni nimelikata mwezi uliopita, juzi kaja kujaribu, zipu haipandi. Hii si shibe, hii ni mimba. Futi yangu haijawahi kunidanganya. Masikini mama mkwe, anangojea mtu mmoja, atapokea wawili! Mwalimu wa watu kajipa kazi ya nyumbani kabla kengele haijalia!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Msusi hakucheka. Alisema, "Nyamaza, bwana. Yule ni mtoto wako," akachukua mkoba wake na kwenda kumsuka mteja nyumbani kwake.

Ndiyo hayo waliyoyasikia watu mia nne na ushee.

Bi Pindo akabonyeza kuzima, akakosea. Kamera ikageuka, watu wakaonyeshwa pua yake kwa karibu. Komenti zikapanda mbio. "Fundi usizime, tupe na namba ya kiuno!" "Kazi ya nyumbani, hahaha, nimekufa!" "Harusi hiyo mie nakuja na nepi." Akabonyeza tena, ikazima. Akaifuta video yote. Akashusha pumzi.

Ah, Bi Pindo. Ya kwake kaifuta. Je, za watu?

Simu ikaita mkononi. Dada yake mkubwa, mama yake Mwalimu.

"Mdogo wangu, huko kwako kuna nini?"

"Kuna nini kivipi, dada?"

"Kundi la familia linawaka moto! Kuna video imetumwa, mimi haifunguki, bando limeisha. Lakini nasoma wanavyoandika. Eti kwa fundi wametangaza mwanangu ana mimba. Fundi gani kama si wewe? Nani kasema?"

Msomaji, hapo ndipo palikuwa mahali pake. Neno moja tu: mimi. Lingeuma, lingepita. Bi Pindo alilihisi neno lile limekaa kabisa kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ni msusi, dada."

"Huyo huyo shoga yako?"

"Si unajua mdomo wake. Mimi hata sikujua simu iko hewani."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia anyamaze. Nikamwambia yule ni mtoto wangu."

Jamani! Siyo tu kamsingizia mwenzake, na maneno yake mazuri kamwibia.

Dada mtu akaanza kulia. "Mungu akuweke, mdogo wangu. Nisingekuwa na wewe sijui ningemlea vipi yule mtoto. Ngoja, huyo msusi namba yake ninayo. Atanitambua." Akakata.

Bi Pindo akabaki amesimama na simu sikioni, haisemi kitu. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Alitamani ampigie tena dada yake palepale aseme ukweli, na kidole kikaenda mpaka kwenye jina. Kisha akafikiria ile sauti ya kilio, akaitia simu mfukoni. Akajiambia dada akipata bando atasikia mwenyewe, na akajiambia pia huenda asipate. Alijiona mchafu kwa kuomba mtu akose bando.

"Hodi!"

Mwalimu huyo mlangoni! Mkono wa blauzi una vumbi la chaki, mkoba begani, uso mkavu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Mbona mapema? Shule je?"

"Nimeomba ruhusa. Nimekuja kujaribu gauni. Si ulisema zipu umeshairekebisha?"

Bi Pindo akaitoa simu mfukoni kama aliyebeba kaa la moto, akaisukumia ndani ya boksi la vipande vya nguo. Haukupita muda. Boksi likaanza kunguruma.

"Simu inaita, mama mdogo."

"Iache iite. Wateja tu hao."

"Tangu lini wewe unawakimbia wateja?"

"Nimechoka na mtandao leo. Unaumiza kichwa. Haya, pita nyuma ya pazia uvae."

Mwalimu akapita nyuma ya pazia. Bi Pindo akamsikia akivua viatu, akivuta kitambaa, taratibu. Kisha sauti ikatoka kule kule, sauti ile ile anayowaulizia watoto wadogo nani kavunja kalamu ya mwenzake.

"Laivu ya leo ilikwendaje?"

"Ilikwenda vizuri."

"Watu walikuwa wengi?"

"Wa kawaida tu."

"Gauni langu uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha."

"Wakasemaje?"

"Wamelipenda, mwanangu. Wote wamelipenda."

Boksi likanguruma tena, likanyamaza, likanguruma.

Bi Pindo akaingia nyuma ya pazia kumfungia zipu. Alikuwa amefumua mishono ya ubavuni na kuiachia kidogo, kwa hiyo zipu ikapanda, kwa kubembelezwa. Kwenye kioo Mwalimu alipendeza mno. Alimtazama mama yake mdogo kupitia kioo, hakumwondolea macho.

"Mama mdogo, una la kuniambia?"

"La kukuambia?" Bi Pindo akainama, akajifanya anatafuta pini sakafuni. "Sina, mwanangu. Hebu inua mkono nione hili kwapa."

Mwalimu akainua mkono. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na Bi Pindo aliyaona, akajidanganya kwamba ni furaha ya gauni.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo.

"Bi Pindo! Mimi nimekukosea nini?"

Ni msusi. Anahema, kitana bado kimechomekwa kichwani. "Nimemwacha mteja wa watu nusu kasukwa, nusu nywele zimesimama! Dada yako kanipigia, kanitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia, mpaka mteja kayasikia. Eti mimi ndiye niliyemtangaza mtoto wake. Mimi?"

"Shusha sauti, shoga. Twende nje tuongee."

"Nje kufanya nini? Nani kamwambia dada yako ni mimi?"

Bi Pindo akalipanga pazia ambalo halikuwa limeharibika.

"Nakuuliza! Tumekaa humu miaka yote, mvua ikivuja kwako nahamisha vitambaa vyako kabla sijahamisha viti vyangu. Leo unaniuza? Sema, nani kasema maneno yale?"

"Ni..." alisema Bi Pindo. "Ni mambo ya mtandao haya, shoga. Watu wanaunganisha sauti."

Msusi akamkodolea macho. Hata kukasirika alisahau.

"Usimlazimishe, dada msusi." Pazia likavutwa, Mwalimu akatoka na gauni lake jeupe, miguu mitupu. "Mimi nilisikia yote."

Boksi nalo likaacha kunguruma.

"Nilikuwa nakutazama, mama mdogo. Kila siku nakutazama wakati wa mapumziko. Leo umefunika simu, nikacheka, nikaandika 'hujazima' kama kawaida. Kidole kilikuwa juu ya kutuma. Ndipo nikasikia jina langu."

Bi Pindo akakaa chini kwenye kiti cha cherehani.

"Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikasema moyoni, labda hajui, amepitiwa. Nitakwenda, nitamuuliza taratibu, ataniambia. Nimekuuliza mara ngapi, mama mdogo? Watoto wangu wa chekechea nikiwauliza hivyo wanasema."

"Nisamehe, mwanangu."

"Na ni kweli," alisema Mwalimu. Akaweka mkono tumboni, juu ya lile gauni. "Futi yako haikukosea. Mwenzangu anajua, amefurahi mpaka analia. Tulikubaliana akirudi safari Ijumaa, yeye amwambie mama yake kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia kabla ya hapo. Mama angepiga kelele, ningemwambia baadaye. Nilikuwa nije kwako leo jioni. Nilishapanga hadi maneno."

Bi Pindo akaufunika uso kwa viganja viwili. Alikuwa ameona aibu nyingi maishani: aibu ya kuunguza nguo ya mteja kwa pasi, aibu ya kuanguka mbele za watu. Hizo zilikuwa za kucheka kesho yake. Hii haikuwa ya kucheka kesho wala keshokutwa. Msusi naye alikuwa amelainika, amekaa karibu na mlango, anakichezea kile kitana.

Basi mngedhani imetosha kwa siku moja. Haikutosha.

"Hodi wenyewe."

Msusi alipogeuka alipauka. Aliyesimama kizingitini ni mama wa bwana harusi, mwanamke mtaratibu, wa maneno machache, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Mkononi ana simu. Huyu mama alikuwa humu humu ndani siku ya kwanza ya vipimo, amekaa kwenye hicho kiti cha msusi, anatabasamu wakati Bi Pindo akisoma namba moja moja kwa sauti.

"Msiinuke," alisema. Akabonyeza video kwenye simu yake. Kioo kilikuwa cheusi tupu, na sauti ikatoka nzito, imezibwa na kitambaa na mlio wa mashine ya kukaushia nywele: kiuno kimemkimbia... hii si shibe... anangojea mtu mmoja, atapokea wawili. Kisha kicheko, na video ikakatikia hapo.

"Nimetumiwa na watu ambao hata siwajui," alisema mama yule. "Muuza mboga kaniuliza nepi nitanunua lini. Nimesikiliza, sauti siitambui. Mlikuwa wawili humu. Nani kati yenu?"

Mwalimu alikuwa ameganda, mkono haupo tena tumboni. Bi Pindo akamwona shoga yake anamtazama yule binti, anamtazama mama, kisha anavuta pumzi.

"Ni mimi, mama," alisema msusi. "Mdomo wangu huu. Porojo za saluni tu, hazina kichwa wala miguu. Nisamehe sana."

Bi Pindo alielewa kwa nini. Likitoka kwa msusi, ni umbea, kesho umesahauliwa. Likitoka kwa fundi, mwenye futi shingoni, mama mdogo wa bibi harusi mwenyewe, huo ni ushahidi. Yule mwanamke aliyetukanwa asubuhi kwa kosa asilolifanya, sasa analibeba kwa hiari yake kumwokoa mtoto asiye wake.

Hapo aibu ikamzidi nguvu. Akainuka.

"Hapana," alisema. "Mwache. Sauti ni yangu, mama. Ni mimi."

Mwalimu akafumba macho. Msusi akamvuta Bi Pindo nguo kwa nyuma, lakini neno lilishatoka.

"Wewe," alisema mama wa bwana harusi polepole. "Wewe uliyempima."

Na Bi Pindo, aliyepata ujasiri wa nusu dakika, ujasiri ukamwishia. Aliona ule uso wa mama mkwe unavyobadilika, aliona harusi inavyoponyoka, akaropoka.

"Ila nilikuwa natania, mama! Utani mtupu. Mwalimu hajabadilika hata kidogo. Nilikuwa namchekesha shoga yangu, basi."

"Utani?"

"Utani, mama. Haki ya nani."

Yule mama akamtazama. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akatabasamu. Macho yakamlowa.

"Afadhali," alisema. "Nimetembea mpaka hapa naomba iwe utani. Maana ingekuwa kweli, harusi ingesimama mpaka mwanangu arudi anieleze hilo jambo. Njoo hapa, binti yangu." Akamkumbatia Mwalimu, gauni na yote. "Wamekuchafua bure. Lakini nitakusafisha leo leo, kule kule walikokuchafulia."

"Vipi, mama?" Msusi akauliza.

"Si ni fundi aliyesema? Basi fundi huyo huyo ampime tena, sasa hivi, mbele yangu. Namba ya siku ile naikumbuka vizuri, nilikuwepo. Asome kwa sauti, mimi narekodi, nawatumia wote. Kila kundi. Watanyamaza." Akainua simu, akaielekeza kwao. "Haya, fundi. Mimi niko tayari."

Hakuna aliyesogea.

"Fundi?"

Bi Pindo akaivuta futi kutoka shingoni. Ikamponyoka, akaiokota. Akamzungushia Mwalimu kiunoni. Alimsikia binti amezuia pumzi, mwili mzima umekaza. Akakutanisha ncha na namba, akaitazama. Tangu alipoanza kazi hii hajawahi kumsomea mtu kipimo cha uongo, hata wale waliombembeleza awapunguzie.

Namba ya zamani ilikuwa mdomoni, rahisi kabisa kuisema. Namba ya kweli ilikuwa chini ya kidole gumba chake.

"Soma, fundi," alisema mama wa bwana harusi kwa upole. "Inarekodi."

Bi Pindo akainua macho. Mwalimu alikuwa anamtazama kwa karibu sana, kama alivyokuwa akimtazama utotoni akifungwa vifungo vya sare. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza.

"Asubuhi ulinisema nikiwa sipo, mama mdogo," alinong'ona. "Sasa nisemee nikiwepo."

Bi Pindo akafungua mdomo.